Karanga za Damari na Bunduki ya Upepo

Mzee Andongwisye alikuwa amempikia Mzungu miaka ishirini na miwili katika shamba la chai huko juu Rungwe, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kuua kitu isipokuwa kuku, tena kuku aliyeshikwa miguu na mtu mwingine. Lakini bwana wake aliporudi kwao Ulaya mwaka wa hamsini na nne, alimwachia bunduki ya upepo, kopo la risasi ndogo za kutosha kuchokoza mbuzi, soksi ndefu jozi mbili na kofia ngumu. Mzee akashuka navyo vyote kwao Bujonde. Kuanzia siku hiyo mpishi akafa, akazaliwa mwindaji, na watu wakakoma.

Damari, mke wa mwanawe Aliko, aliipokea habari hiyo akiwa amelala kifudifudi kwenye migomba. Hakuwa mgonjwa. Kwa Wanyakyusa mkamwana haonani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, halitamki jina lake, hagusi vitu vyake, na akimsikia anakuja hujitanda nguo kichwani akajitupa kichakani mpaka apite. Wala si yeye peke yake; wanaume wote wa rika lake nao ni wakwe, na wote hukimbiwa hivyo hivyo. Ubatizo ulikuwa umewabadilisha watu majina, jambo hili haukuligusa. Kwa hiyo katika miaka mitano ya ndoa Damari alikuwa ameijua miguu ya baba mkwe wake na kikohozi chake, lakini pua yake hakuijua.

Na adabu hiyo hakuwa na ugomvi nayo. Mama yake aliishika, bibi yake aliishika, naye aliishika bila kunung'unika. Ugomvi wake ulikuwa na bunduki.

Aliko alikuwa migodini Afrika Kusini mwaka wa pili sasa, na kilichokwisha kurudi kutoka huko ni barua mbili na blanketi moja. Ndizi zilikuwa zimelazwa na upepo wa mwezi wa pili, mpunga ulikuwa bado mbichi kabisa. Kilichobaki cha kumvusha Damari na wanawe wawili, Tuntufye na mdogo wake, hadi mavuno ni kipande cha karanga kando ya mto, penye mchanga, chini ya kichaka cha mikuyu na miembe. Hakikuwepo kingine. Karanga zikiliwa, watoto hawali.

Na kichaka kile kilijaa kindi.

Kindi hahitaji maarifa makubwa kumfukuza. Anahitaji mtu tu. Mtu akae shambani tangu kunapopambazuka, agonge debe bovu, apige kelele, arushe mabonge ya udongo, na asichoke. Misimu mitatu Damari alikuwa amelinda hivyo, na kindi hawakuambulia kitu cha maana. Msimu huu, karanga zilipoanza kukomaa, alikuwa ameligonga debe siku mbili tu mzee alipotangaza vita.

"Mkamwana wangu anasumbuliwa na wanyama," alimwambia mkewe Angetile, kwa sauti iliyowafikia majirani watatu. "Nitamlindia mimi. Kwa bunduki!"

Basi kila alfajiri akaja na kofia, soksi na kigoda. Tumpe haki yake: kabla ya kuingia shambani alikohoa ili mkamwana apate kukimbia. Damari alikimbia na debe lake mpaka migombani, akalala chini. Mzee akaketi, akaikunja bunduki katikati huku akiguna, akaipachika risasi, akafumba jicho. Akakumbuka kuwa amefumba jicho silo, akafumbua, akafumba la pili. Pu! Jani la mwembe likaanguka. Kindi aliyekuwa kwenye tawi akalitazama likishuka, kisha akateremka upande wa pili wa shamba kuendelea na chakula chake.

Ilikuwa hivyo siku sita. Mwembe ulipigwa risasi nyingi kuliko askari wengi waliorudi kutoka vita vya Burma. Kindi walijifunza upesi kwamba mtu mwenye soksi hapigi kelele, harushi udongo na hainuki kamwe, na wakaona wamepata mlinzi wao. Na Damari, aliyeweza kuwafukuza wote kwa kugonga debe mara tatu, alilala kwenye umande akisikiliza maganda ya karanga zake yakipasuliwa. Aliumia moyo. Alitamani hata simba apite.

Siku ya saba alikwenda kwa mama mkwe wake, akapiga magoti mlangoni, akamwamkia.

"Mugonile, mama."

"Tugonile, mama Tuntufye. Mbona macho mekundu?"

"Mama, naomba umwambie baba, ndaga fijo, asante sana kwa kunilindia. Lakini sasa apumzike. Nitalinda mwenyewe."

Angetile alikuwa mama wa maneno machache. Miaka ishirini ya kuishi bila mume aliyekuwa akipikia wengine ilikuwa imemfundisha kujiamulia mambo. Akaupeleka ujumbe nyuma ya nyumba, mwendo wa hatua kumi, kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuusikia wote. Akarudi na jibu, ambalo Damari naye alikuwa amekwisha kulisikia.

"Anasema mwindaji haachi kazi katikati. Anasema hatatoka pale mpaka aue."

Damari akalichukua neno hilo akaenda nalo nyumbani. Kama shida ni kuua, basi na aue, mambo yaishe. Jioni akatega kitanzi cha kamba chini ya mkuyu, na kabla giza halijaingia kindi mmoja mnene akanasa, mnene kwa karanga za nani tunajua. Akamnyonga, akamtoboa begani kwa mwiba wa mchungwa, tundu dogo la kupendeza, akamlaza chini ya mwembe mahali ambapo hata mpishi asingeweza kumkosa.

Asubuhi kelele zilisikika hadi mtoni. "Nilijua! Nilijua jana nilimpata! Alikwenda kufia mbali, akarudi!"

Kama mtu hajiulizi kwa nini kindi aliyepigwa arudi kufia miguuni kwa aliyempiga, huyo hana wa kumsaidia. Damari alitabasamu migombani, akangoja mzee achukue kigoda chake aende zake. Hakumjua mtu wake. Mzee aliibandika ngozi mlangoni, akaenda gulioni Kyela kupiga domo, na kufikia mchana kindi mmoja alikuwa amekuwa kindi wanne, wawili kati yao wakiwa wamepigwa kwa risasi moja. Wenzake wakamcheka. Naye, kwa kuwa kichwa kilikuwa kimekwisha kuvimba, akawaalika wote waje Jumamosi wajionee.

Wakaja sita wa rika lake, na mbele yao Eliud mzee wa kanisa na Nsajigwa aliyekuwa amesoma naye darasa la ubatizo. Walikuja na vigoda. Damari, chini ya migomba, aliona miguu. Miguu kumi na minne iliingia katikati ya karanga zake, ikatafuta mahali pazuri pa kukaa, ikasogea, ikarudi, ikakanyaga matuta mawili mazima. Kisha akaona mkono wa Nsajigwa ukishuka, ukang'oa shina zima, ukalikung'uta mchanga.

"Tamu hizi," sauti ya Nsajigwa ilisema, mdomo umejaa. "Hebu onja, Eliud."

"Kwa baraka zake Bwana," akasema Eliud, naye akang'oa shina lake.

Hapo Damari alilia, machozi ya hasira tupu. Kindi walau walikula kwa kuhofia. Hawa walikuwa wakila chakula cha wajukuu wao wakiwa wamekaa, na yeye amelala kwenye tope, amefunikwa kichwa, kwa heshima yao. Akasikia pu! ya kwanza, akasikia jani, akasikia vicheko. Pu! ya pili. Na katikati ya hasira likamjia wazo moja, rahisi hata akashangaa halikumjia tangu mwanzo. Mkwe ni mkwe pande zote mbili. Yeye haruhusiwi kuwaona. Na wao je? Wao nao hawaruhusiwi kumwona yeye. Ni yeye tu aliyekuwa na kawaida ya kukimbia kwanza.

Akainuka. Akajitanda khanga mpaka kidevuni, akawageuzia mgongo kama mkamwana mwenye malezi, akashika debe lake na fimbo. Kisha akaanza kutembea kinyumenyume kuingia shambani, polepole, akigonga.

"Mkwe!" mtu alipiga ukelele. "Jamani, mkwe!"

Vigoda vikaanguka. Damari hakusita. Kila hatua moja ya kisigino chake iliwasogeza wao hatua tano. Walikimbilia kushoto, mgongo ukaelekea kushoto. Walikimbilia kichakani, kichaka kilikuwa na upupu, wakarudi wakipiga mayowe. Iliyobaki ni njia moja, mashamba ya mpunga, yenye maji ya magoti. Akawasikia wakiingia mmoja mmoja. Eliud alimwita Mungu. Wa mwisho aliguna kwa guno alilolijua vizuri, na baada yake maji yakapiga kishindo kikubwa kuliko vyote. Damari hakugeuka kutazama. Adabu haikumruhusu.

Kulipotulia, akageuka. Kindi walikuwa wametoweka kwa kelele za debe. Kati ya matuta yaliyokanyagwa vilikuwepo vigoda saba, kofia ngumu, na bunduki ya upepo imelala chali. Damari akachukua jembe, akaanza kuvuna zilizokomaa, akaviacha vitu vile mahali pake, akipalilia kando yake kwa uangalifu.

Alasiri Angetile alikuja hadi ukingo wa shamba. Nyuma yake, migombani, mahali palepale Damari alipolala siku tisa, kilisikika kikohozi.

"Mama Tuntufye," Angetile alisema, uso mkavu kabisa, "baba anasema umletee bunduki yake."

"Mama, mwambie baba mimi ni mkamwana wake. Vitu vya baba mkwe siwezi kuvigusa. Nilifundishwa vizuri kwetu."

"Amesikia." Kikohozi kingine. "Anasema basi mimi nimchukulie."

"Na wewe mama unasemaje?"

"Mimi? Mimi chuma kile nakiogopa," alisema Angetile, aliyewahi kumwua chatu kwa mwiko. Akajikunja nguo, akaingia shambani, akaketi kuchambua karanga.

Damari akainua sauti kidogo, ili kumpunguzia mama mkwe wake safari. "Mwambie basi aje mwenyewe aichukue, saa yoyote atakayotaka. Mimi nipo hapa. Nakuja kabla ya jua, naondoka baada ya jua, mpaka karanga ya mwisho."

Kikohozi kikaondoka migombani kuelekea nyumbani. Kuja usiku mzee aliogopa fisi. Angeweza kumtuma mtu, lakini mtu huyo angeuliza bunduki ilifikaje pale peke yake. Mvua za masika zikaanza usiku ule, zikainyeshea bunduki palepale ilipolala, na Damari akavuna siku kumi na moja.