Sehemu Moja ya Kumi

Hajira alikuwa amemaliza chuo mwaka jana, na pale kwao Sindeni kila chenye Kiingereza kililetwa kwake. Kwa hiyo kaka yake Sabiri alipopewa bonasi na kasino ya mtandaoni, simu nayo ikaletwa. Alitaka kujua tu afanye nini ili hela itoke.

Masharti yalikuwa marefu, yamejaa maneno ambayo Hajira hakuwahi kuyasikia darasani. Angesema hajui, yangeisha. Lakini huyu ndiye kaka aliyeuza ufuta wake msimu baada ya msimu ili yeye asome, na sasa alikuwa amechuchumaa mbele yake, anamtazama mdomo. Hajira akasoma mistari ya juu, ya chini akairuka. Akamwambia acheze mpaka jumla ya madau yake ifike milioni moja, mchezo wowote, kisha atoe.

Sabiri akachagua karata, maana karata anazijua. Akacheza kwa madau madogo madogo, mlango kaufunga ili mama asione, kwa kuwa nyumba yao ni ya swala tano. Milioni ikatimia, na salio likasoma laki tatu na nusu. Akamwahidi mama mabati ya jiko. Alipobonyeza kutoa, ikakataa.

"Wameniibia," alisema, na kesho yake akamchukua Hajira mpaka Korogwe, kwa wakala wa kampuni ile, akawe msemaji wake. Njiani kila aliyekutana naye aliambiwa kwamba mdogo wake huyu ana digrii, leo wale wezi watajuta. Hajira hakuinua uso. Asubuhi ile, Sabiri akioga, alikuwa ameisoma mistari ya chini.

Dukani walikuwepo vijana kadhaa na mhudumu aliyeitwa Loyce. Sabiri akaweka simu juu ya kaunta.

"Wasomee, Hajira. Na hawa wasikie."

Angeweza kusema mtandao unasumbua. Akasoma. Michezo ya kuzungusha magurudumu, dau lote linahesabiwa. Karata, linahesabiwa sehemu moja ya kumi. Loyce akaongeza kwa upole kwamba katika ile milioni, iliyohesabiwa ni laki moja tu, na kwamba muda wa bonasi uliisha jana, kwa hiyo bonasi na ushindi wake vimefutwa.

"Braza, umelima ekari kumi ukavuna moja," alisema kijana mmoja, na duka zima likacheka. Sabiri naye akajaribu kucheka, midomo ikamgomea.

"Msimcheke yeye," Hajira akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia mchezo wowote. Sikuelewa, nikaona aibu kusema sijui."

Kicheko kikafa. Sabiri akachukua simu yake, akatoka bila kumtazama. Hajira akamfuata kwa nyuma, macho chini, hathubutu kumkaribia, mpaka Sabiri aliposimama mwenyewe kando ya barabara.

"Mama ataulizia mabati," Sabiri alisema.

"Nitamwambia mimi, kaka. Kosa ni langu."

Sabiri akajifuta jasho shingoni.

"La kusoma ni lako. La kubeti ni langu, na hilo hulijibii wewe. Nitalisema mwenyewe."

Akaanza tena kutembea, safari hii polepole, ili mdogo wake amfikie.