Gesi Imeenda Wapi?

Mtu akikuambia ana AC nyumbani kwake Eldoret, kwanza unamwangalia mara mbili, halafu unamuuliza pole pole kama kuna shida. Huu ni mji ambao watu huvaa jaketi kwenda kuanika nguo.

Lakini Jemutai hakuinunua. Walipohamia nyumba yao ya Kiplombe waliikuta ukutani. Mwenye nyumba wa kwanza alikuwa amefanya kazi Arabuni miaka mingi, akarudi akiwa ameshasahau kwao kukoje. Kipyego, mume wa Jemutai, alitaka kuing'oa aiuze. Jemutai akakataa, akakifanya chumba kile kuwa chumba cha keki, maana hata Eldoret ina Februari. Jua la Februari likishika mabati saa nane mchana, krimu ya siagi huteremka kwenye keki kama mtoto kwenye mlima wa matope. Mwaka uliopita, kabla ya kufikiria kuitumia hiyo AC, alipeleka keki moja harusini ikamwinamia bwana harusi kama inayotaka kumnong'onezea siri. Kanisa zima la bwana harusi yule halijamwagiza tena hata kipande.

Sasa ilikuwa Alhamisi, tena Februari. Keki ya ngazi tatu ilitakiwa Sugoi Jumamosi asubuhi, na AC ilikuwa ikitoa hewa ya moto kama pumzi ya ng'ombe. Hii ikianguka, Jemutai alijua, atabaki kuokea watoto wake mwenyewe.

Fundi alikuja na pikipiki. Jina lake Collins, miwani nyeusi, viatu vyeupe. Alibonyeza rimoti, akainua kiganja kwenye ile hewa na kufumba macho kama mchungaji anayeombea mgonjwa.

"Mama, gesi imeisha," akasema. "Na kompresa imekufa. Elfu arobaini na mbili, na hapo nimekuonea huruma."

Vivian, dada mdogo wa Kipyego, alikuwa mezani akipiga mayai. "Kama huruma ni elfu arobaini na mbili," akauliza, "hasira ni ngapi?"

Jemutai hakucheka. Keki nzima, na maua yake na safari ya kuipeleka, alikuwa ameiuza elfu ishirini na nane. Akatoka nje kumpigia Kipyego, aliyekuwa ameenda Ainabkoi kutafuta mbegu za viazi.

"Mlipe tu, Mama Kibet," Kipyego akasema. "Harusi ni kesho kutwa. Utaanza kubishana na fundi saa hii?"

"Nitaanza saa hii."

"Haya. Mwambie pole kwa niaba yangu."

Jemutai alirudi ndani akiwa amefunga leso kiunoni. Vivian alipoona lile fundo, akasogeza bakuli la mayai mbali na njia.

"Collins, nivunjie hiyo bei," Jemutai akasema. "Kuja kwako ni ngapi, kazi ni ngapi, na kila kifaa ni ngapi."

"Mama, sisi hupiga bei moja tu, ya kila kitu."

"Hata mtu wa bucha hukuonyesha mfupa kabla ya kuupima. Nivunjie."

Collins akavua miwani. Kuja na kupima, elfu moja na mia tano. Gesi, elfu nane. Kompresa, elfu ishirini na sita. Iliyobaki ni jasho lake.

"Tuanze na gesi. Imeisha vipi?"

"Huisha tu, Mama. Kama ile ya jikoni."

"Ya jikoni naiona ikiwaka, ndiyo maana inaisha. Hii inawaka wapi?"

Vivian akaacha kupiga mayai kabisa. Kazi gani ifanyike mbele ya sinema ya bure?

"Sawa," Collins akasema, "haiwaki. Inazunguka tu ndani ya mabomba. Ikipungua, basi imevuja mahali."

"Basi nikilipa elfu nane leo na tundu bado liko, si nitakuwa nanunulia hewa ya Kiplombe gesi? Nionyeshe inapovujia. Sabuni si iko?"

Sabuni ilikuwepo. Wakachanganya povu, Collins akapaka kwenye maungio ya mabomba, moja baada ya jingine, Jemutai akiinama naye bega kwa bega. Povu likakaa kimya. Hakuna hata kiputo. Jemutai akamwambia fundi atoe na kile kipimo cha presha kilichokuwa kikichungulia kwenye begi. Collins alikifunga kwenye bomba, AC ikawashwa, na mshale ukapanda badala ya kushuka.

"Iko," akasema kwa sauti ndogo.

"Nini iko?"

"Gesi. Tena presha imepita kiasi."

"Elfu nane imefufuka!" Vivian akapiga makofi. "Tuendelee na marehemu wa pili."

Marehemu wa pili, kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, alikuwa kwenye ile mashine ya nje, nyuma ya nyumba. Huko Collins hakuwa amekanyaga tangu afike. Walipokaribia waliisikia ikiunguruma. Jemutai akasimama.

"Collins, umewahi kuona maiti ikikoroma?"

"Subiri, Mama. Itajizima sasa hivi."

Na kweli, haikuchukua muda, ikakata.

"Unaona?"

"Naona imejizima. Ng'ombe akilala umeshamchuna? Tuiangalie."

Kuiangalia haikuwa rahisi, maana haikuonekana. Msimu wa mvua Kipyego aliionea huruma akaijengea kibanda, kama kile cha ndama: mabati juu, mbao pande tatu, na turubai mbele. Alijivunia kibanda hicho kuliko nyumba yenyewe. Halafu Januari mashine ya kupukuchua mahindi ikaja uani, ikapulizia makapi siku nzima. Jemutai alipoinua turubai, joto likampiga usoni kama la tanuri lake la mikate. Mgongo wa mashine ulikuwa umevaa blanketi la makapi na vumbi, hata vyuma vyake vyembamba vya kutolea joto havikuonekana.

Collins akachuchumaa. Safari hii hakufumba macho. "Hii ndiyo hutupa joto la ndani nje," akasema. "Sasa inalitupa, linarudi. Ikizidiwa, inajizima isiungue."

"Na wewe ulitaka kunizikia kompresa mpya ndani ya kaburi hili. Nayo ingekaa hadi lini?"

Collins akakuna kichwa. "Mama, wateja wengi husema tengeneza tu, usinieleze mengi. Mtu ukimwambia tatizo ni uchafu, anakataa hata kulipa nauli. Ukimwambia kompresa, anakuheshimu."

"Mimi nitakulipa kwa uchafu. Toa nyundo."

Kibanda kilibomolewa. Collins alizima umeme kwenye swichi kuu, akapangusa makapi kwa brashi laini, akaosha kwa maji ya polepole ili asipinde vile vyuma. Walipowasha, feni ya nje ikazunguka kivivu. Akafungua pembeni akaonyesha kidude kama kopo dogo, tumbo limevimba. Kapasita, akasema, ndiyo huisukuma feni. Imeungua kwa lile joto. Elfu mbili na mia tano. Jemutai hakubisha. Alipigia maduka mawili ya mjini, yote yakamtajia elfu moja na mia mbili.

"Lete na risiti," akamwambia Collins, "na hii mbovu uiache hapa mezani."

Jioni ilipoanza, kapasita mpya ilikuwa imeshafungwa, feni ilikuwa inavuma na kompresa haijajizima. Kuja, kazi ya kuosha, na kapasita vilifika elfu tano na mia mbili. Jemutai alilipa yote bila kuomba apunguziwe hata shilingi, maana kila moja aliijua ilikokwenda. Collins akasema kwamba kila wakimaliza kupukuchua mahindi atakuja kuiosha.

"Kuosha nimeshaona," Jemutai akasema. "Nitakuita ikikataa maji."

Kipyego alifika giza likiingia, amebeba gunia la mbegu. Kelele zake zilianzia nyuma ya nyumba, zikaingia naye hadi chumba cha keki.

"Nani amebomoa kibanda? Mbao zangu! Mvua ikija je?"

"Mashine imeundwa kukaa nje, Baba Kibet, haihitaji nyumba," Jemutai akajibu bila kugeuka. Alikuwa amepanda kistuli, mwiko bapa mkononi, akipaka ngazi ya pili. Krimu ilishika kona na kukaa pale alipoiweka. "Wewe ndiwe unayehitaji, na huna hata adabu ya kufunga mlango. Funga, baridi yangu inatoka."

Kipyego akaitazama keki, akautazama mgongo wa mkewe, akaufunga mlango. Vivian akamrushia sweta.