Kopo la Majani Matupu

Tone lilidondoka kwenye sahani ya bati. Likafuata jingine. Dirishani palikuwa bado giza, na Mama Mikasi, akiwa amelalia ubavu, alisikiliza kopo la ua likichuruza maji aliyolinywesha kabla ya kulala. Miaka yote sauti hiyo ilimpa usingizi. Ilimwambia kwamba amana ya dada yake haina kiu. Leo ilimkera, kama mtu anayegonga meza kwa kidole akisubiri kujibiwa.

Aliwasha taa. Majani yalikuwa mapana, yanang'aa kana kwamba yamepakwa mafuta. Majani tu.

Dada yake alipohama kwenda kuishi kwa mwanawe, alimwachia kopo hilo la rangi lililotobolewa matundu chini. Ndani mlikuwa na ua la aina ya kitunguu, lile ambalo mvua ya kwanza ikigusa ardhi huchomoza lenyewe, jekundu, la mviringo, kabla hata ya jani. "Likichanua niletee nilione," dada alisema. Macho yake yalikuwa yameanza kufifia tangu wakati huo, na wote wawili walijua.

Mama Mikasi aliweka nadhiri: hatakwenda na majani, atakwenda na ua. Mvua za kwanza zikaja, zikapita. Akasema, labda mvua zijazo. Simu alipiga, salamu alituma, nguo za sikukuu alinunua na kumpa mtu apeleke. Kwenda mwenyewe hakwenda.

Juzi mpwa wake alimpigia. "Mama mdogo, usingoje tena. Mama haoni. Anajua tu kama ni mchana au usiku."

Alivaa, akalifunga kopo ndani ya kitenge kikuukuu, akatoka. Njiani alipitia kazini, kwenye bustani ya hospitali, aache ufunguo wa chumba cha majembe. Mlinzi alimwangalia kuanzia kilemba hadi viatu.

"Leo Mama Mikasi kapendeza. Unakwenda kuposwa?"

"Nakwenda kuposa. Hujaona nimebeba mahari?"

Mlinzi alicheka, kisha akaona uso wake, akaacha. Alikata kipande cha kamba kwenye mzigo wake mwenyewe, akalifunga kopo vizuri na kulitengenezea mshikio. "Nenda salama. Bustani nitaimwagilia mimi, yote."

"Zinia umwagilie. Ile bogenvilia ya ukutani usiiguse. Ikishiba maji inaota majani, inasahau maua. Iache ione kiu kwanza."

Maneno yalimtoka kama yanavyomtoka kila siku. Kisha akabaki amesimama, kamba mkononi.

Alikumbuka kiangazi cha kwanza, majani ya ua la dada yalipoanza kugeuka manjano na kulala. Kama mgonjwa wa wodini ndiye angemletea ua kama hilo, angemwambia liweke kivulini, limechoka, liache lipumzike. Lakini hili lilikuwa la dada. Alishikwa na hofu, akalimwagia maji, na tangu hapo hakulipa nafasi ya kulala hata msimu mmoja.

"Umesahau kitu?" mlinzi aliuliza.

"Ndiyo," alisema, akaondoka.

Nyumbani kwa mpwa, dada yake alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, uso umeelekea dirishani, mikono imetulia mapajani. Mpwa alisogeza kiti, akaweka chai, akatoka bila kuambiwa.

"Ni mimi, dada."

"Nimekujua. Unaburuta mguu vilevile. Leta mkono." Aliuminyaminya. "Umenenepa."

"Nimekonda, dada."

"Usinidanganye kwa kuwa sioni."

Walicheka, kisha kicheko kikaisha haraka, kama chai iliyomiminwa kidogo. Vidole vya dada vilipanda hadi usoni mwake, vikapita mashavuni, vikaingia chini ya kilemba.

"Una mvi?"

"Nyingi."

"Sikuziona," dada alisema polepole.

Mama Mikasi aliliweka kopo mapajani mwa dada kabla ujasiri haujamtoroka. Dada alipapasa majani, moja baada ya jingine, akatafuta katikati yake, akakosa alichokitafuta. Akachomeka kidole kwenye udongo.

"Limelowa chepechepe."

"Niliogopa litakufa mikononi mwangu."

"Na wewe ndiye fundi wa bustani."

"Ya watu, dada. Hili nililionea huruma."

"Sasa kwa nini hukuja?"

"Nilikuwa nalisubiri lichanue. Nilisema nitakuja nalo."

Nje mtu alikuwa akifagia, ufagio ukikwaruza saruji.

"Mimi nilidhani umeninunia," alisema hatimaye. "Kwa yale niliyokwambia siku ya kuhama."

Mama Mikasi alitafuta kichwani. Aliiona siku ile: mikoba, mlango, kopo likibadilisha mikono. "Uliniambia nini?"

"Hukumbuki?"

"Sikumbuki hata neno."

Dada alifungua mdomo, akaufunga. Machozi yalimtoka bila sauti, na mdogo wake akayafuta kwa ncha ya kile kitenge kilichonuka udongo. Chai ikapoa bila kuguswa.

Jua lilipoanza kuuacha ukuta, Mama Mikasi alisimama. Dada alimrudishia kopo, lakini mkono mmoja ukabaki umeshika ukingo wake.

"Usilipe maji tena. Majani yatanyauka, yataanguka. Usilionee huruma."

"Sitalionea."

"Litabaki kopo la udongo tu, utadhani hamna kitu ndani."

"Najua."

"Likifika hapo, usingoje mvua." Mkono ulikuwa haujaachia. "Njoo nalo hivyo hivyo."