Mwenyekiti wa Tarehe Mosi

Jumanne, tarehe mosi Desemba, saa mbili asubuhi, ndipo mambo yalipoharibika. Siku hiyo lile Kundi la mataifa makubwa lilibadilisha mwenyekiti, kama kawaida yake kila mwaka: nchi moja inashuka, nyingine inapanda, wanapiga picha, basi. Na kwenye ghala la Shirika la kugawa misaada, alikotunza funguo miaka kumi na tisa, mzee waliyemwita Makufuli alikuwa na makasha mia mbili ya dawa ya homa ya mapafu. Kila kasha lilibandikwa karatasi nyekundu: Msaada wa Kundi, usitolewe bila barua ya mwenyekiti.

Mkewe alikuwa amelazwa hospitali, mwendo wa nusu saa kutoka hapo, akihema kama mtu aliyepandisha mlima na gunia kichwani. Daktari alishaandika dawa. Dawa ndiyo ile ile ya kwenye makasha, na hospitalini ilikuwa imeisha.

Bosi wa ghala akapiga simu. Mwenyekiti wa jana akajibu, kupitia karani wake, kwamba yeye si mwenyekiti tena. Wa leo akasema hajakabidhiwa faili. Makao makuu ya Shirika yakasema wao watekelezaji tu, mali ya Kundi hawaigusi. Makufuli akauliza, basi si mtu aende ofisini kwa Kundi? Ndipo alipoambiwa Kundi halina ofisi. Halina anwani, halina muhuri, halina hata mfagizi. Watu wanaoamua dunia nzima ipate nini na lini, ukiwatafuta unashika moshi.

Barua ilifika Ijumaa. Mkewe alikuwa amezikwa Alhamisi.

Binti yake wa pekee hakulia msibani. Alimwambia tu, "Ufunguo ulikuwa kiunoni mwako, baba. Niletee jina la aliyesema hapana. Usipolileta, kwangu mimi ni wewe." Akabeba mtoto wake akaondoka, na tangu siku hiyo hajakanyaga pale nyumbani.

Miezi minane baadaye wageni wakaja ghalani kupongezana kwa ushirikiano mwema. Walikuwa wawili: mama mmoja wa Shirika na bwana mmoja wa Kundi, mwenye tabasamu la kupigia picha. Makufuli akasimama katikati ya mlango, akawasimulia yote, tena kwa adabu wasiyostahili.

Bwana akamshika bega. "Pole sana, mzee wangu. Lakini sisi si taasisi. Ni marafiki tu, tunakaa tunazungumza."

"Kumbe. Na zile karatasi nyekundu zilibandikwa na urafiki?"

Mpakizi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Mama wa Shirika akasema karatasi zilibandikwa kwa ombi la Kundi. Bwana akasema Kundi liliomba kwa ushauri wa Shirika. Wakawa kama watu wanaokaribishana mlangoni, tangulia wewe, hapana tangulia wewe, na ndani haingii mtu.

Makufuli akachomoa penseli nyuma ya sikio, akafunua daftari la ghala ukurasa mtupu.

"Pole zenu nimezisikia. Nina mtoto hanisemeshi, anataka jina. Toka Jumanne ile mpaka Ijumaa, mwenye kauli alikuwa nani?"

Mama akaangalia saa yake. Bwana akaangalia viatu vyake.

"Nasubiri," alisema Makufuli. "Niandike nani?"