Kilatini kwa Baba Mkwe

Gerishon alikuwa dresa, yaani mfunga vidonda na msaidizi wa daktari, lakini ukimwita dresa alikunja uso. Alitaka aitwe mtu wa tiba. Katika hospitali yetu ndogo ya misheni, nje kidogo ya Thika, daktari Mzungu alikuwa mmoja, madresa wawili, na mimi Kamene: mfagiaji, mfuaji, mpishi wa uji, na kila ilipotokea kazi ambayo watu wenye elimu hawaioni, mbebaji wa ndoo. Mimi sikuwa na cheo cha kukunjia mtu uso.

Gerishon alikuwa na kitabu cha viungo vya mwili, Kiingereza upande huu na Kilatini upande ule, alichoachiwa na daktari mmoja aliyerudi kwao. Alikisoma hata akila. Ukijigonga goti kwenye chuma cha kitanda, badala ya kukupa pole alikujulisha kwamba umegonga patella. Siku moja nilijikata kidole nikikata kabichi. Damu inachuruzika, yeye anataka kwanza nijue kwamba kile ni digitus secundus. Nilimwambia ni cha Kamene, na alete bendeji.

Lakini nisimsingizie. Akiwa na mgonjwa alikuwa mtu kabisa. Wazee walikuja wengi wakiwa wamezibwa mkojo, na sijawahi kumsikia akiwapa Kilatini. Aliketi ukingoni mwa kitanda akasema, "Baba, kuna tezi hapa chini ya kibofu. Mtu akizeeka inavimba, inabana njia. Daktari ataikata, nawe utakojoa mpaka majirani walalamike." Wazee walicheka, wakatia kidole gumba kwenye wino, wakapasuliwa.

Basi Jumatatu moja, mwaka wa hamsini na sita, wakati wa Hali ya Hatari, lori la kahawa likatushushia mzee kutoka Ruiru. Aliitwa Gichuru. Alikuwa hajakojoa siku mbili, tumbo limekaza, jasho linamtoka, na bado alisalimia kila mtu wodini kwa adabu. Gerishon alipomwona alirudi nyuma hatua tatu. Mzee huyo alikuwa baba yake Waceke, na Waceke alikuwa mke wa Gerishon.

Sasa, Wakikuyu na ukwe wao! Sisi Wakamba tuna yetu, kwa hiyo nitawacheka kwa kiasi. Baba wa mke wako kwao ni muthoni, mtu wa kuheshimiwa mpaka unasahau kwamba ana mwili. Unaweza kuzungumza naye juu ya mvua, kahawa na afya ya mbuzi. Kumtajia mambo yaliyo chini ya kitovu chake ni kitu ambacho Gerishon asingekifanya hata ukimshikia panga.

Dresa wa pili, Wamalwa, ndiye aliyemtia mzee mrija. Mkojo ulijaza ndoo, na najua kwa sababu niliibeba. Wakati huo wote Gerishon alikuwa nje akikagua maua, ambayo hajawahi kuyakagua tangu yapandwe. Kesho yake Wamalwa akapanda gari moshi kwenda likizo kwao, na mzee akabaki mikononi mwa mkwe wake.

Daktari akaja Jumanne kueleza upasuaji. Daktari hakujua Kikuyu, mzee hakujua Kiingereza, na mkalimani alikuwa Gerishon. Gerishon akainua macho juu, akawa kama anahesabu mabati.

"Baba," akasema, "una hypertrophia ya glandula prostatica. Kwa Kiingereza, enlargement of the prostate. Hasa ile lobus medius. Imeikandamiza urethra pale inapotoka kwenye vesica urinaria."

Daktari akaitikia kwa kichwa kwa furaha. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuelewa Kikuyu.

"Hiyo ni nini?" mzee akauliza.

"Ni prostate, baba."

"Iko wapi?"

"Inferior."

"Na itafanywa nini?"

"Prostatectomy."

Mzee alimtazama daktari, akamtazama Gerishon aliyekuwa bado anatazama juu. Kisha akasema, "Mwambie daktari asante sana. Mimi nataka kwenda nyumbani."

Daktari hamlazimishi mtu. Akasema Alhamisi mrija utolewe na mzee aende zake. Gerishon akaandika kwenye karatasi, kwa mwandiko wake mzuri, kwamba mgonjwa amekataa. Mimi nikasema moyoni: mzee mkaidi huyu, mkojo umetoka basi anadhani amepona.

Siku iliyofuata nilimbana Gerishon jikoni. "Mrija ukitolewa, itakuwaje?"

"Itaziba tena. Siku tatu, labda nne. Na daktari anasema figo hazitastahimili mara ya pili."

"Na yeye yuko Ruiru, kijiji kimezungushiwa miiba, geti linafungwa jioni, na ili atoke anahitaji barua ya chifu. Mkojo utangoja barua?"

Akaanza kukoroga uji wangu.

"Mwambie, basi."

"Nimemwambia."

"Umemwambia kitabu!"

"Kamene, wewe huelewi. Yule ni baba wa mke wangu. Siwezi kumtajia... zile sehemu."

"Si sehemu hiyo hata! Umesema wewe mwenyewe ni tezi."

"Ni jirani," akasema kwa huzuni. "Ni jirani wa karibu sana." Akafungua kitabu kunionyesha. "Tazama, Kamene, kwa Kilatini haina aibu yoyote. Hata jina limetoka kwa Wagiriki, maana yake ni yule anayesimama mbele."

"Vizuri. Basi mzee afe Kigiriki."

Mimi ningemwambia mwenyewe, lakini nilikuwa mwanamke, na rika la Waceke. Ningefungua mdomo tu mzee angejifunika blanketi mpaka utosini. Usingizi haukuja vizuri siku hiyo. Nilikasirika na Gerishon, na kitabu, na huyo Mgiriki pia.

Alhamisi asubuhi nikaingia stoo, nikachukua suruali, shati na koti la mzee, nikavitumbukiza vyote kwenye karai la maji ya sabuni. Vilikuwa safi. Lori la kurudi Ruiru lilikuwa liondoke saa nne.

Mzee alikuwa ameketi kitandani na blanketi, mrija bado haujatolewa, hasira imempanda. "Nguo yangu iko wapi?"

"Iko kwa maji, baba."

"Nani alisema ufue?"

"Gerishon," nikasema, bila aibu yoyote.

Gerishon akaitwa. Alikuja amekumbatia kitabu. Nikamnyang'anya, nikakiweka juu ya kiti na kukikalia. "Lori linaondoka," nikamwambia. "Sema."

Akageukia ukuta. "Glandula..." akaanza, nami nikakohoa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho. Ndipo akasema kwa Kikuyu, ambacho hakimpi Mkamba taabu sana, kwa sauti ya mtu anayeungama wizi:

"Baba, una tezi chini ya kibofu. Imevimba kwa ajili ya umri. Ndiyo iliyoziba mkojo. Mrija ukitoka itaziba tena, na ukiwa nyumbani itakuua. Daktari anataka kuikata. Wazee wengi wamekatwa tezi hiyo hapa, wakapona."

Nilingoja mzee ajifunike uso. Hakujifunika.

"Ni hiyo tu?" akauliza.

"Ni hiyo tu, baba."

Akaelekeza kidole kitanda cha jirani. Akasema, "Huyu Makau hapa kando, ulimwambia mguu wake unakatwa, ukamwambia kwa maneno ya watu. Yule wa kifua pia ulimwambia. Mimi peke yangu ulinisomea kitabu, ukiangalia juu. Nikajua kwamba mimi ndiye wa kufa, na mume wa binti yangu hana moyo wa kuniambia. Nikaona heri niende nikafie kwangu, nisikutese."

Nilikuwa nimemcheka Gerishon siku tatu, na mzee nikamwita mkaidi. Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka. Watu wazima watatu tulimzunguka, mmoja akiwa na digrii, na hakuna aliyemuuliza kama anaogopa.

Nje lori lilipiga honi mara mbili, likaondoka. Gerishon aligeuka kutoka ukutani, machozi yanamtiririka, akafungua mdomo na asipate neno katika lugha yoyote.

"Sema tena," mzee akamwambia. "Polepole. Hapo pa kupona."