Kamba ya Mama Jezi

Jezi ya beki wa kushoto ndiyo iliyomtesa kila Jumatatu. Yule kijana hakujua kukaba kwa miguu, alijua kujirusha tu, na uwanja wenyewe ulikuwa na nyasi pembeni peke yake. Katikati palikuwa na udongo mwekundu, ambao ukishaingia kwenye kitambaa hukaa kama mpangaji aliyegoma kuhama. Mama Jezi aliiloweka kwenye karai, akamimina dawa ya madoa, akangoja kidogo, kisha akauma meno na kuingiza mikono.

Mkono wa kushoto ulivumilia. Wa kulia ulikuwa umepasukapasuka kuanzia kiganjani, na vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimejikunja, havinyooki tena. Miaka kumi na tisa ya dawa ya madoa si mchezo. Daktari wa zahanati alimwambia vidole hivyo vinaweza kupasuliwa vikanyooka, ila iwe mapema, na upasuaji huo uko hospitali kubwa, kwa wenye bima. Bima hutoka kwa mwajiri. "Lete barua ya ajira," walimwambia kwenye dirisha la zahanati. Hakuwa nayo. Tangu siku ya kwanza alikuwa kibarua wa klabu, anaitwa leo, kesho anaitwa tena, na katika kuitwaitwa huko alikuwa amezeeka bila jina lake kuandikwa popote.

Alipomaliza kusuuza alitundika. Kamba yake ilitoka kwenye nguzo ya jukwaa hadi kwenye mlingoti wa bendera, sambamba na uzio wa waya, na nje ya uzio palikuwa na kibanda cha Kinyozi. Hapo ndipo klabu ilipoendeshwa kwa kweli. Viongozi walikuwa na ofisi. Mashabiki walikuwa na benchi la Kinyozi, na kutoka benchi lile waliisoma kamba ya Mama Jezi kama gazeti. Jezi namba tisa haipo? Mshambuliaji ni majeruhi. Soksi zimetundikwa mapema? Mazoezi yamevunjika, kocha kagombana na mtu. Mara nyingi walikosea. Lakini nani aliyewahi kuacha kusoma gazeti kwa sababu lilikosea jana?

Mwezi ule habari ilikuwa moja tu. Kuna Tajiri anataka kuinunua klabu.

"Lisemwalo lipo," alisema Kinyozi, mashine ikinguruma mkononi, "na kama halipo, laja. Nimesikia ana ndege mbili."

"Jana ulisema moja," alisema mteja, kichwa kimeinama.

"Kanunua nyingine. Tulia wewe, nisije nikakukata sikio."

Benchi zima lilicheka. Tajiri atapanda nyasi, atajenga paa, atawaleta washambuliaji wawili kutoka ng'ambo. Mmoja alishajulikana hadi urefu wake. Asiyecheka alikuwa Spika. Huyu alikuwa mdogo wa marehemu mume wa Mama Jezi, seremala kwa kazi na kiongozi wa ushangiliaji kwa wito, mwenye sauti ambayo haikuhitaji umeme.

"Mimi karatasi nisome kwanza," alisema. "Siuziwi mbuzi kwenye gunia, hata gunia liwe la hariri."

Nusu ya wanachama walielekea alikoelekea Spika. Kwa hiyo maneno yale hayakuchukua siku mbili kufika ofisini.

Katibu wa klabu alikuja Jumatano asubuhi na mfuko. Ndani yake mlikuwa na jezi nane, nyeupe, zenye mstari wa dhahabu, bado zina mikunjo ya dukani.

"Mama, zifue hizi uzitundike. Upande wa barabarani."

Mama Jezi aliigeuza moja, akainusa kwapani kama alivyozoea. "Hazijavaliwa, Katibu."

"Najua."

"Hazina hata jasho. Nifue nini?"

"Zipitishe kwenye maji tu. Zilowe, zitundikwe, zikauke. Ugumu uko wapi?"

Mama Jezi alitazama uzio, akatazama benchi lililokuwa nje yake, akaelewa. Hakuwa mjinga, ingawa kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakisema naye kama mjinga. "Watu watadhani Tajiri ameshaingia."

"Waache wadhani. Kudhani hakuna kodi." Kisha Katibu alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichuchumaa kando ya karai, suruali yake safi ikagusa sakafu yenye maji, akautazama ule mkono. "Unanisikitisha mkono huu, Mama. Jumamosi mkutanoni wanachama wakipitisha mauzo, Tajiri anaajiri wafanyakazi wote. Wa kwanza kwenye orodha ni wewe. Nimekuandika mwenyewe."

"Barua?"

"Barua, bima, kila kitu."

Alizitundika. Aliona aibu tangu pini ya kwanza hadi ya mwisho, lakini alizitundika vizuri, mabega sawa, mistari ya dhahabu ikitazama barabara.

Kelele zilianza kabla hajamaliza. Kinyozi alimwacha mteja na nusu ya kichwa. Watu walishikilia waya kwa vidole, wakahesabu jezi, wakabishana kama dhahabu ile ni rangi au ni uzi wa dhahabu kweli. Watu wazima walikumbatiana. Spika alikuja mwisho, taratibu, akasimama mahali ambapo wangeweza kuongea wawili.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Hizi jezi ni za nani?"

"Nimeletewa nifue, nimefua."

"Wachezaji wamezivaa?"

Mama Jezi alikamua maji kwenye ncha ya jezi iliyokuwa karibu, ingawa yalikuwa yameshakwisha. Mtu huyu ndiye aliyemchongea marehemu jeneza bila kumwomba hata nauli ya mbao. Tangu siku ile hapakuwa na uongo kati yao, hata ule mdogo wa kuulizana kama mtu ameshakula.

"Jezi hufuliwa ikishavaliwa, shemeji," alisema.

Spika alimtazama kidogo, kisha uso wake ukalegea. "Basi. Wewe ukisema basi, mimi ni nani?" Akageuka, akajaza kifua, na ile sauti yake ikapaa juu ya jukwaa. Mtaa mzima ulimjibu.

Mkutano ulifanyika Jumamosi saa nne chini ya jukwaa. Katibu alikuwa na karatasi zilizokunjwa, alizipunga zaidi ya alivyozisoma. Mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wa siku nyingi, alisimama na kuomba zisomwe ibara kwa ibara.

"Ni mambo ya kisheria, Mwalimu, yatatuchosha hapa mpaka jua lizame."

"Nina muda. Nimestaafu."

Waliomzomea walikuwa wengi, na aliyewaongoza alikuwa Spika. "Mwalimu, kaa chini! Jezi zimeshavaliwa, wewe bado unatafuta karatasi?" Mwalimu alikaa. Mama Jezi, aliyekuwa amesimama nyuma kwa kadi ya uanachama aliyoachiwa na mumewe, aliyatambua maneno yale: yalikuwa yake. Ilipoulizwa nani anaafiki, mikono ilipanda kama nyasi. Aliinua na wake. Vidole viwili havikunyooka, lakini mkono ulihesabiwa.

Wiki ya kwanza ilipita bila barua. Wiki ya pili aliuliza, akaambiwa avute subira. Wiki ya tatu mvua ilianza, wachezaji wakapewa likizo ambayo haikuwa na tarehe ya kurudi, na kule kwenye benchi likizo hiyo ilitafsiriwa kuwa kambi ya siri ng'ambo. Ijumaa yake Katibu alimkuta amekaa kwenye chumba cha kufulia, mbele ya karai kavu. Alimpa wembe na kumwonyesha marundo ya jezi za zamani.

"Zitoe nembo zote. Taratibu, usitoboe kitambaa. Lori linakuja kesho asubuhi."

"Nembo mpya ziko wapi nishone?"

"Hushoni. Unatoa tu. Huko hawataki nembo yetu."

"Huko wapi?"

Katibu alitazama mlango. "Mama, Tajiri hakununua klabu. Amenunua nafasi yetu kwenye ligi kuu. Msimu ujao timu inachezea mji wake, kwa jina lake. Ipo kwenye ibara ya nne. Mlipitisha wenyewe."

"Na sisi?"

"Nyinyi bado mna klabu. Jina lipo, uwanja upo."

"Timu haipo."

"Kwa sasa."

Mama Jezi aliuweka wembe chini. Kwanza aliona haya kuuliza jambo lake wakati mtaa mzima umeibiwa, kisha akauliza. "Na barua yangu?"

"Kule wana mashine za kufulia. Lakini sijakusahau. Ukinyamaza mpaka lori liondoke, nitakuandikia barua ya shukrani. Nzuri, yenye mhuri."

"Zahanati wanataka ya ajira."

"Mhuri ni uleule, Mama."

Alitoa nembo tangu mchana hadi jioni, na asubuhi akamalizia. Alifanya kwa sababu hakujua kukaa bure ndani ya chumba kile, na kwa sababu hakuna aliyemwachia jambo lingine la kufanya. Mahali nembo ilipokuwa, kitambaa kilibaki na rangi yake ya zamani, nzito, isiyowahi kuona jua.

Lori lilikuja kabla ya saa tatu. Mipira ilipakiwa, nyavu zikapakiwa, kisha milingoti ya magoli ikang'olewa. Mashabiki waliingia bila kuitwa na kusaidia kubeba. Kinyozi aliwaeleza wote kwamba milingoti inakwenda kupimwa, maana ya kimataifa hutofautiana kwa nusu inchi. Spika alikuwa amebeba mwamba wa goli begani peke yake.

Mama Jezi alimfuata na kumshika mkono. "Shemeji, teremsha."

"Kuna nini?"

"Haturudishiwi. Wameuza nafasi ya ligi. Timu inahama."

Spika alicheka kwanza. "Nani kakwambia?"

"Katibu. Na zile jezi nyeupe hazikuvaliwa na mtu. Niliambiwa nitundike, nikatundika. Nilikudanganya. Nilitaka barua."

Sasa watu walikuwa wamesimama. Spika alimtazama kama mtu anayejaribu kukumbuka alikomwona. Pengine angeteremsha ule mwamba. Mkono wake ulianza kuteleza. Lakini Kinyozi aliwahi.

"Wapinzani wamemfikia! Si niliwaambia? Watani zetu hawalali. Jana anasema zimevaliwa, leo hazikuvaliwa, kesho atasema hakuna jua!"

"Waambie, Katibu!" Mama Jezi alipiga kelele kuelekea kwenye lori. Katibu alikuwa ameketi kando ya dereva. Alitikisa kichwa polepole, kwa huruma, kama anayemwona mgonjwa, akapandisha kioo.

"Shemeji, umechoka," alisema Spika kwa sauti ndogo, na huenda hiyo ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuwa na sauti ndogo. "Ile kazi imekuchosha. Nenda ukakae." Akaenda kuupakia mwamba.

Lori lilikwama langoni. Mvua ya wiki nzima ilikuwa imeligeuza lango kuwa dimbwi, na magurudumu ya nyuma yalizama hadi nusu, yakazunguka bila kwenda popote. Dereva alitoa kichwa nje kuomba msaada. Hakuhitaji kuomba mara mbili. Walimiminika kutoka kibandani, kutoka jukwaani, kutoka barabarani. Maseremala, wauza magazeti, yule mteja wa Kinyozi na taulo shingoni. Waliegemeza mabega.

"Moja, mbili, sukuma!" Spika aliongoza, na wote wakaitikia kwa wimbo wa klabu. Mama Jezi alijaribu kumvuta yule aliyekuwa karibu naye, akasukumwa kando bila ubaya, kama unavyomsogeza mtu aliyesimama mlangoni. Wimbo ulipofika kwenye kiitikio lori lilinguruma, likawarushia tope usoni, likatoka. Walilipigia makofi mpaka likakata kona.

Spika alikuja kwake akitweta, tope kutoka kifuani hadi magotini. Alivua jezi yake ya klabu na kumnyooshea.

"Hasira hasara, shemeji. Tuyaache hayo. Nifulie hii. Siku Tajiri atakapokuja siwezi kumpokea hivi."

Mama Jezi aliipokea jezi, akaenda nayo ndani, akaiweka kwenye karai na kufungua bomba. Bomba lilikohoa mara moja, likanyamaza. Maji walikuwa wamekata asubuhi ile, pamoja na umeme.

Nje ya uzio walikuwa wameshaanza kubishana mshambuliaji mpya atapewa namba ngapi.