Sentimita Moja na Nusu

Baiskeli ilikuwa imepinduliwa juu ya meza ya kukatia nguo, magurudumu yakitazama dari, na chini yake mshonaji alikuwa ametandika kitambaa cha bitana ili usukani usikwaruze mbao. Meza ile hakuwahi kumruhusu mtu aweke juu yake hata kikombe cha chai. Leo alikuwa amesimama kando, daftari mkononi, akimwangalia mumewe alivyoinama na rula yake ya chuma utadhani anapima mpaka wa shamba lenye kesi.

"Andika, Fundi," mumewe alisema. "Kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya ringi. Nne nukta tisa."

Akaandika kama aandikavyo siku zote, bila kuitazama karatasi.

"Ngoja nirudie." Mzee akapima tena, midomo ikimcheza. Akapima na mara ya tatu. "Ni ile ile. Na gurudumu la nyuma vivyo hivyo. Sasa nenda kamwambie muuza vipuri unataka breki za koleo, zenye sura ya zamani, na usikubali akuuzie maneno."

Breki za koleo ndizo zilizokuwa kwenye baiskeli ile tangu inunuliwe: mikono miwili ya chuma, kila mmoja na raba yake nchani, inayoibana ringi huku na huku kama koleo linavyobana kaa la moto. Mkono mmoja wa breki ya mbele ulikuwa umepata ufa, na ya nyuma ilishika pale ilipojisikia. Baiskeli yenyewe ilikuwa nzima. Mabomba yake yalikuwa membamba, ya kijani kibichi, madigadi yake ya bati ya kukinga matope hayakuwa na kutu, na nyuma kulikuwa na kibebeo ambacho kwa miaka mingi kilibeba hema, sufuria na nguo za watu wawili.

Mzee alikuwa mpima ardhi, na kila alipopata likizo walifunga mlango na kuondoka, yeye mbele na mkewe nyuma na baiskeli yake mwenyewe. Walipofika njia panda, mume alikuwa akishika breki, akiteremsha mguu chini na kugeuka. "Kulia au kushoto, Fundi?" Ramani nzima alikuwa nayo kichwani, ila kuchagua alimwachia mkewe kwa heshima. Na mkewe akichagua ovyo, mzee alikuwa akikata kona bila neno. Walipotea mara nyingi, na siku walizopotea ndizo walizozisimulia zaidi.

Mwaka jana mambo yalianza kwenda kombo. Miwani ilionekana ndani ya kopo la sukari. Katika mlo mmoja mzee aliuliza mara mbili habari za kaka yake, aliyekwisha kufariki, na kila mara ikabidi aambiwe upya na kila mara akahuzunika upya. Binti yao, ambaye ni muuguzi na ana ulimi usiojua kuzunguka, alimvuta mama yake jikoni.

"Baba asipande tena baiskeli, Mama. Siku moja tutaletewa habari."

"Ukimnyang'anya baiskeli utakuwa umemnyang'anya miguu."

Wakabishana kwa kunong'ona hadi wakafika kwenye makubaliano. Mzee angepewa kazi ya kuzipimia breki mpya yeye mwenyewe. Akipatia, binti hatasema neno. Akikosea, baiskeli itaondoka. Mshonaji alikubali haraka kwa sababu alikuwa na hakika na mumewe, na binti alipokwisha kuaga ndipo alipotambua alichokubali. Mumewe alikuwa ametiwa kwenye mtihani, na mwenyewe hana habari.

Siku ya pili akaenda kwenye duka la vipuri. Lilikuwa chumba chembamba kinachonuka raba mpya na grisi. Muuza vipuri, bwana wa makamo mwenye tumbo lisilomruhusu kuikaribia kaunta yake mwenyewe, alimmwagia breki aina kwa aina.

"Hizi zinavutwa ubavuni, Mama, waya unashukia upande mmoja. Hizi zinavutwa katikati. Hizi zina egemeo moja, kama za zamani. Hizi zina mawili, ukigusa tu umesimama. Halafu kuna za nati ya nje na za nati ya kuzama ndani ya uma. Wewe unataka zipi?"

Mshonaji akazitazama. Zote ziling'aa kama vijiko vya wageni. Kitambaa angeweza kukitambua kwa vidole, macho yamefumbwa, lakini hapa vidole vilikuwa bubu. Alishika moja akaiweka, akashika nyingine, akasahau ya kwanza ilikuwa ipi.

"Ungekuwa wewe ungechukua zipi?"

"Zinazoingia. Uzuri baadaye. Mkono wa breki ukiwa mfupi, raba inaitafuna tairi. Ukiwa mrefu, raba inateremka kwenye spoki, na mwendeshaji anaruka juu ya usukani kwenda kusalimiana na lami. Kwa hiyo niambie kwanza: mkono mfupi, wa kati au mrefu?"

"Mkono wa birika ninao nyumbani," alijibu, ili apate muda wa kufungua daftari.

Muuza vipuri akacheka hadi kaunta ikatikisika. Kisha mshonaji akamweleza baiskeli ilivyo, akasoma, "Sita nukta nne," na kicheko kikakatika.

"Sita nukta nne? Umesema ni ya mabomba membamba, ina madigadi. Hizo kwa kawaida huchukua mkono wa kati, nne nukta saba hadi tano nukta saba. Huu wako ni mkono mrefu kabisa. Nani amepima?"

"Mume wangu. Ni mpima ardhi."

"Ah. Basi mimi ni nani?"

Mshonaji alitaka kusema nipe za kati. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini kuchukua za kati ni kumshika mtahiniwa mkono na kumwandikia jibu. Tena, na hili lilimwaibisha, sehemu fulani ya moyo wake ilitaka kujua. Alichukua za mkono mrefu, zenye maegemeo mawili na nati ya nje, zilizong'arishwa zikafanana na za enzi zile, akatoka dukani kichwa kikimzunguka.

Jioni ile mzee alizifunga. Vidole vyake havikusahau kitu. Spana iliingia penye nati bila kutafuta, waya ukanyooka, bolti zikakazwa kwa kiasi chake. Kisha akalizungusha gurudumu la mbele na kubana.

Raba zilishika ukingo wa ringi kwa nusu tu. Nusu ya pili ilining'inia hewani, karibu kabisa na spoki. Mzee akazipandisha hadi mwisho wa tundu zake. Bado.

"Hizi ni za mkono mrefu," alisema. Akachukua rula, akapima. "Nne nukta tisa. Si nilikwambia nne nukta tisa?"

Mshonaji akamfungulia daftari. Alitamani karatasi ile iwe imeungua. "Ulisema sita nukta nne, mzee. Nimeandika hapa."

"Nilipima mara tatu."

"Ndiyo. Si kitu. Hata mimi huwa nasahau."

Aliisema kwa upole, na upole wenyewe ndio uliokuwa mbaya. Ilikuwa sauti anayoitumia kwa watoto wanapojaribishwa sare na kushindwa kutulia. Mzee aliisikia. Alilitazama daftari, akaitazama rula, akamtazama mkewe, na usoni pake kitu kikalegea kama mshono uliokatwa uzi.

"Basi labda nilisema hivyo," akasema. Aliifuta rula kwa shati, akaitia kwenye ala yake na kumkabidhi. "Itunze wewe."

Mshonaji alimpigia binti yake simu. Binti hakushangilia. Alisema atakuja Jumamosi na gari, kisha akasikika akipenga kamasi.

Ijumaa asubuhi alikuja mwalimu, jirani yao, kupimwa blauzi. Mshonaji alipima huku mawazo yako mbali, akitaja namba kwa sauti na kuandika kama kawaida. Mwalimu, aliyezoea kusahihisha madaftari ya watu, akachungulia.

"Fundi, mkono umesema hamsini na tano. Mbona umeandika hamsini na sita na nusu? Nimerefuka nikiwa nimesimama hapa?"

"Hiyo ni nafasi ya mshono," mshonaji akacheka. "Naiongeza humo humo kichwani, nisije nikasahau wakati wa kuka..."

Hakulimaliza neno. Miaka thelathini na kitu mkono wake ulikuwa ukiongeza sentimita moja na nusu kabla penseli haijagusa karatasi, bila kumwomba ruhusa. Katika daftari lile hapakuwa na kipimo cha mtu hata mmoja. Vyote vilikuwa vipimo vya vitambaa. Akafunua kurasa kurudi nyuma, akaikuta sita nukta nne na kutoa moja na nusu: nne nukta tisa. Akatoa tena. Akakaa juu ya rundo la bitana, na mwalimu akabaki amesimama na futi shingoni, akiuliza kama kuna msiba.

Kabla ya saa sita alikuwa dukani.

"Mpima ardhi amekosea?" muuza vipuri aliuliza, akiteremsha boksi la mkono wa kati.

"Aliyekosea ni fundi wa nguo."

Njia nzima ya kurudi alipanga maneno. Alijiandaa kwa hasira ya mumewe, kwa utani wake, hata kwa kununiwa siku tatu. Alimkuta kibarazani, akamkabidhi breki, akamwacha azifunge. Raba zikatua katikati ya ringi sawasawa. Gurudumu lilizungushwa, likabanwa, likasimama kimya.

"Mzee," alisema. "Kile kipimo nilikosea mimi. Wewe ulisema nne nukta tisa. Mimi ndiye niliyeongeza ya mshono. Nisamehe."

Mumewe aligeuka na tabasamu la adabu, lile analowapa watu wanaomsalimia njiani asiowakumbuka. "Kipimo gani?"

"Cha breki. Jana tulibishana. Nilikwambia..."

"Tulibishana? Mimi na wewe?" Akacheka, akatikisa kichwa. "Umekosea nini, Fundi, na breki ndiyo hiyo imekaa?"

Mshonaji alimrudishia rula.

"Kumbe ilikuwa kwako! Nimeitafuta asubuhi nzima."

Alikuwa amesamehewa na mtu asiyekumbuka kukosewa, na msamaha wa namna hiyo hakujua auweke wapi. Kipimo kilikuwa sahihi. Mzee alikuwa amesahau. Yote mawili yalikuwa kweli, na kila alipojaribu kuyaweka pamoja moja liliteleza.

Jumamosi binti alifika na gari. Mama yake alimpokea getini na kumweleza yote ya daftari na mshono, mbio mbio, kama anayeogopa kukatizwa.

"Kwa hiyo Baba yuko sawa?" binti aliuliza. Macho yake yalikuwa mekundu, na ilikuwa wazi kwamba anatamani kuambiwa ndiyo.

"Kipimo kilikuwa sahihi," Mama alisema.

"Mama, mimi nakuuliza habari ya Baba."

"Na mimi nakwambia ninachokijua."

Wakati huo mzee alikuwa akiitoa baiskeli nje, amevaa kofia yake ya safari, soksi zimemeza ncha za suruali. Akamsalimia binti yake kwa jina lake la utotoni, akapanda na kuondoka. Mgongo ulikuwa umenyooka. Madigadi yaling'aa. Wote wawili walimtazama akiteremka mtaa hadi njia panda, pale penye duka la dawa, na pale akabana. Baiskeli ikasimama papo hapo, bila mlio. Mzee akateremsha mguu chini.

Hakuendelea.

"Mbona amesimama?" binti aliuliza. "Mama? Mbona haendi?"

Mshonaji alikwisha kuingia ndani. Alitoka na baiskeli yake iliyokaa nyuma ya mlango mwaka mzima, tairi zikiwa na upepo wa kubahatisha, akapanda na gauni lake la nyumbani na futi bado imening'inia shingoni. Alipomfikia, mumewe alikuwa akitazama upande mmoja, kisha wa pili. Aligeuka.

"Kulia au kushoto, Fundi?"

Alimtazama machoni, akatazama sana, kama anayetafuta sindano iliyoangukia kitambaa chenye maua. Sauti ilikuwa ile ile ya likizo zao zote. Tabasamu nalo lilikuwepo. Vidole vya mzee viliendelea kubana breki ingawa barabara ilikuwa tambarare na hakuna gari lililokuwa likija.

"Kushoto," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu waoane akatangulia yeye. Alikata kona polepole, bila kugeuka, masikio yote yako nyuma, hadi aliposikia breki zikiachia.